Je, Serikali Iwape Fedha Wazazi Wapya?

Swali la juma hili ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu. Mtoto anapozaliwa, je, serikali imkabidhi mzazi wake fedha taslimu? Siulizi kuhusu chanjo, wala chandarua, wala kliniki ya bure. Nauliza kuhusu fedha zenyewe, ambazo mzazi atazipokea mkononi au kwenye simu yake na kuzitumia aonavyo. Zipo nchi zinazotoa fedha hizo kila mwezi. Zipo nchi zilizowahi kuzitoa kisha zikaacha. Zipo pia nchi, kama Uganda yetu, ambazo hazijawahi kuzitoa kwa wazazi wote. Nitaueleza msimamo wangu bila kuuficha, lakini nitazieleza pia hoja za wanaonipinga, maana katika mdahalo mwaweza kupangiwa upande wowote.

Tuanze na maneno, kwa kuwa mabishano mengi hurefuka pale watu wanapotumia maneno tofauti kwa jambo moja bila kutambua. Fedha anazopewa mzazi mpya zaweza kuitwa tuzo, sadaka, ruzuku au stahiki. Tuzo hupewa mtu aliyefanya jambo la kusifiwa, kama mwanafunzi aliyeongoza darasa. Sadaka humtoka mwenye huruma ikamwendea mhitaji, na mtoaji akiamua kuacha kutoa, hakuna wa kumdai. Ruzuku hutolewa na serikali ili kupunguza gharama ya kitu ambacho jamii nzima inakihitaji, kama vile mbolea au mbegu. Stahiki ni kile ambacho mtu anaweza kukidai mbele ya sheria kwa kuwa ni chake, kama mshahara au pensheni. Msikilizeni kwa makini mtu anapozungumzia jambo hili. Anayelalamika kwamba serikali itawazawadia watu kwa kuzaa amekwisha kuchagua neno tuzo. Anayesema tuwasaidie masikini hawa kadiri tutakavyojaliwa amechagua neno sadaka. Mimi nitayatetea maneno mawili ya mwisho.

Kwanza tuitazame hali ilivyo. Tangu mwaka 2001, wagonjwa hawatozwi ada katika hospitali na vituo vya afya vya umma nchini Uganda, isipokuwa katika wadi za kulipia. Kwa mujibu wa sera, basi, kujifungua ni bure. Lakini kila mwanamke aliyewahi kuhudhuria kliniki ya wajawazito anaijua orodha: glavu, pamba, nyembe, uzi wa kufungia kitovu, sabuni, beseni, nguo za mtoto, na ile karatasi ya nailoni ya kulalia ambayo hapa kwetu huitwa kaveera. Serikali hununua vifurushi vya vifaa hivi na kuvisambaza vituoni, ila havitoshi kila mahali wala kila wakati. Mwanamke mwenye busara hangojei kujua kama kituo chake kimebahatika mwezi huo. Hununua vyake mapema, kimoja kimoja, na kuvihifadhi katika mfuko chini ya kitanda.

Nilipokuwa na mimba ya mtoto wangu wa pili, mwaka 2016, niliiandika orodha hiyo katika ukurasa wa mwisho wa daftari langu la maandalio ya masomo. Kila mwisho wa mwezi nilifuta kitu kimoja au viwili. Juu ya vifaa kulikuwa na nauli ya bodaboda, ambayo usiku hupanda, na chakula cha dada yangu aliyekuja kuniuguza, na dawa mbili ambazo kituo hakikuwa nazo siku hiyo. Uzazi wa bure ulinigharimu zaidi ya shilingi laki moja. Nilizimudu, kwa sababu nina mshahara. Kwa kaya inayoishi kwa kuuza mihogo au kwa kibarua cha kulima, fedha hizo huenda zikawa mapato ya majuma kadhaa.

Baada ya kujifungua nilikaa nyumbani siku 60 za kazi, yaani takriban miezi mitatu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamwamuru kila mwajiri kumpa mwanamke aliyejifungua likizo ya siku hizo kwa mshahara kamili, na baba wa mtoto hupata siku nne. Mimi ni mwalimu wa shule ya serikali. Mshahara wangu uliingia benki mwezi wa kwanza, ukaingia wa pili na wa tatu, ilhali vipindi vyangu vilifundishwa na mwenzangu. Nilinyonyesha, nililala mchana mtoto alipolala, na nilirudi darasani nikiwa na nguvu.

Jirani yangu ni mama anayeuza nyanya na vitunguu katika soko letu la Busia, mji uliopasuliwa na mpaka wa Uganda na Kenya. Tulipishana kujifungua kwa majuma mawili. Siku ya kumi na moja baada ya uzazi wake nilimwona akitoka alfajiri, mtoto mgongoni na beseni kichwani. Nikamwambia, "Mama, mbona mapema hivi? Mwili bado haujapona." Akanijibu bila hasira yoyote, "Mwalimu, wewe ukilala, mshahara haulali. Mimi nikilala, nyanya zinaoza."

Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi, na kadiri ninavyolitafakari ndivyo ninavyoona kwamba swali letu huulizwa vibaya. Tunauliza kama serikali ianze kuwalipa wazazi wapya, kana kwamba haijawahi kuwalipa. Inawalipa. Ilinilipa mimi. Kila mwalimu, muuguzi, askari na karani wa serikali anayejifungua hulipwa na hazina ya taifa kwa miezi ambayo hafanyi kazi, na hakuna anayeita malipo hayo uvivu au upotevu. Tunayaita likizo ya uzazi, na tunasema ni haki. Tena, yule muuza nyanya huchangia malipo hayo. Hulipa ushuru wa soko kila siku. Anaponunua sabuni hulipa kodi ya ongezeko la thamani, na anapopanda bodaboda hulipa kodi iliyomo ndani ya bei ya petroli. Mwanamke aliyerudi sokoni siku ya kumi na moja alichangia kunilipa mimi ili nilale miezi mitatu. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hapa mwenye njaa anachangia shibe ya mwenzake, na wote wawili hawana habari.

Mtu aweza kunijibu kwamba likizo ya uzazi ni mapatano ya mwajiri na mwajiriwa, na kwamba muuza nyanya hana mwajiri wa kumdai. Ni kweli kwa upande mmoja: katika kampuni binafsi, anayelipa ni kampuni. Lakini tujiulize kwa nini Bunge liliwalazimisha waajiri hata wasiotaka. Lilifanya hivyo kwa kuamini kwamba mwili wa mzazi unahitaji muda wa kupona, kwamba mtoto mchanga anahitaji kunyonyeshwa, na kwamba jamii nzima hunufaika mambo hayo mawili yakifanyika. Sababu hizo zote zinamhusu muuza nyanya vilevile. Mwili wake haukutofautiana na wangu. Tulichotofautiana ni karatasi ya mshahara.

Sasa tuzijie hoja za upinzani. Ya kwanza, ambayo huisikia kila ninapotaja jambo hili, husema kwamba watu watazaa ili wapate fedha. Si hoja ya kupuuzwa katika nchi ambayo, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022, mwanamke huzaa kwa wastani watoto 5.2. Ili kuipima, tuangalie nchi mbili zilizojaribu kwa njia tofauti kabisa.

Australia ilikuwa na hofu iliyo kinyume cha yetu: watoto walikuwa wanapungua. Mwezi Mei mwaka 2004, serikali yake ilitangaza kwamba kila mtoto atakayezaliwa kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo ataletewa wazazi wake dola 3,000 za nchi hiyo. Waziri wa fedha, Peter Costello, aliwahimiza wananchi wake kwa mzaha wazae mtoto mmoja kwa ajili ya mama, mmoja kwa ajili ya baba, na wa tatu kwa ajili ya nchi. Hapa neno tuzo lilifaa kabisa. Ikatukia jambo la kushangaza. Wanauchumi Joshua Gans na Andrew Leigh walipozichunguza takwimu za vizazi, waligundua kwamba watoto zaidi ya 1,000 walicheleweshwa kuzaliwa ili wavuke tarehe hiyo, hasa kwa kusogeza mbele siku za upasuaji na za kuanzishwa uchungu kwa dawa. Tarehe 1 Julai 2004 walizaliwa watoto wengi kuliko siku nyingine yoyote katika miaka thelathini iliyotangulia. Baadaye kiwango kilipanda hadi dola 5,000, kukawa na malalamiko kwamba wazazi wananunulia runinga kubwa, na kuanzia mwaka 2009 fedha zikagawanywa katika mafungu 13 na kunyimwa wenye kipato cha juu. Tarehe 1 Machi 2014 mpango ukafutwa.

Mkasa huo unafundisha kwamba wazazi huhesabu, na kwamba fedha nyingi zikitolewa kwa mkupuo mmoja, kwa kufuata tarehe moja kali, zitavuruga hata wadi za uzazi. Lakini hautoi ushahidi kwamba mtu atalea mtoto miaka kumi na minane kwa ajili ya malipo madogo ya miezi michache. Kuahirisha upasuaji kwa siku tatu ni uamuzi wa aina moja, na kupata mtoto wa sita ni uamuzi wa aina nyingine.

Afrika Kusini ilikwenda kwa njia ya pili. Mwaka 1998, miaka minne baada ya kuangushwa kwa ubaguzi wa rangi, ilianzisha ruzuku ya kumtunza mtoto kwa kufuata mapendekezo ya kamati iliyoongozwa na Francie Lund. Ilianza kwa randi 100 kwa mwezi, kwa watoto masikini walio chini ya miaka saba. Umri ukapandishwa hatua kwa hatua hadi miaka 18, na leo ruzuku hiyo inawafikia watoto zaidi ya milioni 13. Kiasi chake ni kidogo. Mwaka 2024 kilifika randi 530, ambazo hazitoshi hata kukidhi kiwango cha chini cha chakula anachohitaji mtu kwa mwezi. Huko pia lilizuka lawama kwamba wasichana wanabeba mimba ili wapate randi hizo. Watafiti waliolifuatilia dai hilo hawakuupata ushahidi wake. Kasoro waliyoiona zaidi iko kinyume: watoto wachanga, ambao ndio wenye uhitaji mkubwa, ni miongoni mwa wanaokosa ruzuku kwa wingi, kwa sababu vyeti vyao vya kuzaliwa na vitambulisho vya mama zao havijakamilika. Fedha hufika mtoto akiwa ameanza kutembea.

Jambo moja la Afrika Kusini ninataka mlishike. Sheria yao haikumtaja mama. Ilimtaja mlezi mkuu, yaani yule anayeishi na mtoto na kumhudumia kila siku, awe mama, baba, bibi au shangazi. Kwetu, ambako bibi wengi wanalea wajukuu ambao wazazi wao wako Kampala au ng'ambo, neno mlezi lina uzito kuliko neno mzazi. Nimeandika wazazi katika kichwa cha makala haya kwa kuwa ndivyo swali linavyoulizwa, lakini kama ningeitunga sheria mwenyewe, ningeandika walezi.

Hoja ya pili ya upinzani ni kwamba fedha zitapotezwa. Baba atazinywea pombe, au mama atanunua kitenge, na mtoto atabaki alivyokuwa. Kuhusu hili hatuna haja ya kwenda mbali, maana ushahidi uko hapa jirani. Kaunti ya Siaya, nchini Kenya, iko mwendo mfupi wa matatu kutoka mpakani kwetu. Huko, kuanzia mwaka 2014, shirika la GiveDirectly lilizipa kaya masikini zaidi ya 10,000, katika vijiji vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, takriban dola 1,000 za Marekani kila moja, bila sharti lolote la matumizi. Utafiti ulihusisha vijiji 653, ili waliopata walinganishwe na wasiopata. Mwaka 2025 watafiti walitoa matokeo kuhusu watoto. Katika kaya zilizopokea fedha, vifo vya watoto kabla ya kutimiza mwaka mmoja vilipungua kwa asilimia 48.

Asilimia 48, wanafunzi wangu, ni karibu nusu ya makaburi madogo. Watafiti walipouliza sababu, walikuta kwamba wanawake waliojifungulia hospitalini waliongezeka kwa asilimia 45. Walikuta pia kwamba katika miezi mitatu kabla ya kujifungua na miezi mitatu baada yake, kazi za kutafuta riziki walizofanya wanawake hao zilipungua kwa takriban nusu. Kwa maneno mengine, walipumzika. Walifanya kile ambacho mimi nilikifanya kwa mshahara wa serikali, na watoto wao wakaishi. Manufaa makubwa zaidi yalipatikana pale fedha zilipofika karibu na wakati wa kujifungua.

Fedha hizo zilitolewa na shirika, wala si serikali, na kiasi chake ni kikubwa kuliko serikali yoyote ya Afrika Mashariki inavyoweza kumpa kila mzazi. Sitaki mchukue tarakimu za Siaya na kuzibandika juu ya malipo madogo, mkisema matokeo yatakuwa yaleyale. Zinachokanusha ni lile dai kwamba masikini akipewa fedha mkononi hajui la kufanya nazo.

Hoja ya tatu naiheshimu kuliko zote. Husema: kwa nini tumpe mama fedha ilhali kituo cha afya hakina mkunga usiku? Tujenge vituo kwanza. Hoja hii ina historia ya kisheria nchini mwetu. Mwaka 2011 kituo cha utetezi wa afya na haki za binadamu, CEHURD, pamoja na jamaa za wanawake wawili waliofariki wakijifungua, walikwenda mahakamani kudai kwamba serikali imevunja Katiba kwa kutotoa huduma za msingi za uzazi. Kesi ilipanda na kushuka kati ya mahakama, hadi mwezi Agosti mwaka 2020 Mahakama ya Katiba ilipokubaliana na walalamikaji na kuiamuru serikali iongeze fedha za huduma hizo. Hali imekuwa ikiboreka: vifo vya wajawazito na wazazi vilikadiriwa kuwa 336 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2016, na 189 katika ule wa mwaka 2022. Safari bado ni ndefu.

Basi, fedha au vituo? Siaya ilijibu pia swali hilo. Vifo vilipungua zaidi katika kaya zilizokuwa karibu na vituo vyenye madaktari. Fedha za nauli hazina maana pasipo na mahali pa kwenda, na hospitali haimfai mwanamke asiyeweza kuifikia usiku wa manane. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere waliliona hilo katika wilaya za Kamuli na Pallisa walipowalipa waendesha bodaboda ili wawabebe wajawazito bure kwa vocha: idadi ya waliojifungulia vituoni ilipanda kwa zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo anayesema vituo kwanza hakosei kuvidai vituo. Anakosea anapodhani kwamba mlango wa kituo uko wazi kwa kila mtu, mradi kituo kimejengwa.

Imebaki hoja ya nne, ya fedha zenyewe. Zitatoka wapi? Serikali ya Uganda tayari inazo njia za kumtumia raia fedha. Mwaka 2010 ilianzisha mpango wa kuwalipa wazee katika baadhi ya wilaya, na sasa kila mzee aliyefikisha miaka 80, popote nchini, anastahili shilingi 25,000 kwa mwezi. Hakuna anayesema malipo hayo yatawafanya watu wazeeke. Tuchukue kiasi hichohicho, shilingi 25,000, tukitoe kwa miezi sita tu: mwezi mmoja kabla ya kujifungua na mitano baada yake. Kila mtoto atahitaji shilingi 150,000. Tukadirie kwamba huzaliwa watoto milioni 1.6 kwa mwaka. Jumla itakuwa shilingi bilioni 240. Bajeti ya taifa ya mwaka wa fedha 2024/25 ilikuwa takriban shilingi trilioni 72. Gawanyeni wenyewe: ni kama theluthi moja ya asilimia moja. Ongezeni gharama za uendeshaji, bado hamtafika asilimia moja. Si fedha kidogo, na kila shilingi itakayokwenda huko haitakwenda barabarani wala jeshini. Lakini kusema kwamba haiwezekani kabisa ni jambo jingine, na anayelisema hilo anapaswa kuonyesha hesabu zake kama nilivyoonyesha zangu.

Kiasi hicho kisingemlaza jirani yangu miezi mitatu. Kingelipia vifaa vya orodha na bodaboda ya usiku, na kingemwezesha kukaa nyumbani majuma kadhaa zaidi kabla ya kulibeba tena lile beseni. Siahidi zaidi ya hapo.

Nani apewe? Wengi watasema masikini pekee. Mimi nina wasiwasi na orodha za masikini, kwa sababu lazima pawe na mtu wa kuziandika, na mtu huyo ana ndugu, ana marafiki, na ana uchaguzi wa kushinda. Kuna njia rahisi zaidi. Badala ya kuwatafuta masikini, ambao ni wengi na wametawanyika, tuwaondoe wachache tunaowajua: watu kama mimi, wenye likizo yenye mshahara. Majina yetu yamo tayari katika daftari la mishahara ya serikali na katika mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Wengine wote waandikishwe katika kliniki ya wajawazito, palepale wanapopimwa shinikizo la damu, na fedha ziingie kwenye simu zao.

Hapo pana hatari moja. Baadhi ya wazee wetu wamekosa malipo yao kwa sababu kitambulisho cha taifa kimekosea mwaka wa kuzaliwa, au alama za vidole vilivyochakaa kwa jembe hazisomeki. Mama mchanga atapambana na vikwazo vya namna hiyo: msichana asiye na kitambulisho, mkimbizi, mwanamke anayetumia laini ya simu ya mumewe. Kama cheti cha kuzaliwa kitakuwa sharti, tutarudia kosa la Afrika Kusini, na fedha zitafika mtoto akiwa ameota meno. Ndiyo maana napendekeza kadi ya kliniki itoshe kuanzia, na cheti kifuate.

Msimamo wangu, basi, ni huu. Serikali iwape fedha wazazi wapya, kwa kuwa tayari inawapa baadhi yao, na wanaoachwa nje ndio wenye uhitaji mkubwa. Malipo yawe madogo, yafike mapema, yagawanywe kwa miezi, yamfuate mlezi, na yaandikwe katika sheria ili raia aweze kuyadai. Yakiachwa yategemee hisani ya mwanasiasa, yatakuja mwaka wa uchaguzi na kutoweka mwaka unaofuata, na tutakuwa tumerudi kwenye neno sadaka.

Kwa ajili ya mdahalo wenu wa juma lijalo, hoja ni hii: "Likizo ya uzazi ni haki ya kila mzazi, awe na mwajiri au asiwe naye." Watakaotetea watafute mtu mmoja asiye na mshahara, muuguzi wa mifugo, fundi cherehani au muuza samaki, wamwulize alirudi kazini siku ya ngapi baada ya kujifungua. Watakaopinga watafute kitu kimoja katika bajeti ambacho hawangekubali kipunguzwe kwa ajili ya jambo hili, na waeleze sababu. Pande zote mbili zitumie maneno tuzo, sadaka, ruzuku na stahiki, kila moja kwa maana yake.